Muulize Fundi: Taa za volti 12 ndani ya trela la kulala

SWALI: Assalamu alaikum, Bwana Fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Malindi. Mwaka jana nilinunua trela dogo la kulala kutoka kwa Mtaliano aliyekuwa akirejea kwao. Ndani mna vitanda viwili, meza ya kukunja, jiko la gesi la meko mawili, na taa nne za zamani zenye balbu ndogo za halojeni za wati 10 kila moja, zinazotumia betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 70. Tulipokwenda Tsavo Mashariki kwa njia ya lango la Sala, usiku wa pili taa zilififia kabla hatujamaliza kula, na moja ilikuwa imekwisha kuunguza ukingo wa pazia. Muuza duka amenishauri ninunue ukanda wa LED mweupe wa mita 5 niuzungushe darini kote. Jirani yangu naye asema nifunge inveta nitumie balbu za kawaida za nyumbani. Nimsikilize nani?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waalaikum salaam, Mwalimu. Usimsikilize yeyote kati yao moja kwa moja, ingawa muuza duka amekaribia zaidi kuliko jirani. Inveta huchukua umeme wa volti 12 na kuupandisha hadi 240, kisha balbu ya LED ya nyumbani huuteremsha tena ndani yake hadi volti chache inazohitaji. Hiyo ni sawa na kuchota maji kisimani, kuyapandisha ghorofani, halafu kuyateremsha uani ukaogee. Kila hatua humwaga kiasi, na inveta yenyewe hula betri hata pale ambapo hujawasha kitu. Zaidi ya hayo, utakuwa umeingiza umeme unaoweza kuua ndani ya sanduku la bati ambamo watu huingia na miguu iliyolowa kutoka baharini.

Kilichokupata Tsavo kinaeleweka kwa hesabu. Halojeni nne zikiwaka pamoja hutumia wati 40, na wati 40 kwa volti 12 ni ampea 3.3. Mkiziwasha kwa muda wa saa tano, mmetumia karibu ampea-saa 17, yaani ampea zikizidishwa kwa saa. Betri ya asidi haifai kutolewa zaidi ya nusu ya uwezo wake kama unataka idumu, kwa hiyo kati ya zile 70, zako halali ni 35 tu, na hizo ndizo siku mbili mlizozipata. LED ya wati 2 hutoa mwanga unaolingana na ule wa halojeni ya wati 10, au hata kuupita. Nne za namna hiyo, kwa muda uleule, zitakula ampea-saa 3.3 kwa usiku, na betri hiyohiyo itawatosha siku kumi ikiwa haina kazi nyingine. Pazia nalo litasalimika, kwa kuwa joto la LED ya wati 2 haliwezi kulinganishwa na la kioo cha halojeni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wengi hulipita haraka dukani. Betri ya volti 12 si ya volti 12. Ikiwa imejaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Inapochajiwa na gari njiani, au na paneli ya sola adhuhuri, hufika 14.4. Utazame ukanda wa LED kwa karibu: baada ya kila taa tatu utaona alama ndogo ya mkasi, mahali panaporuhusiwa kukatwa, na ndani ya kila kundi kuna kidude cheusi kinachokaribia ukubwa wa punje ya ufuta. Hicho ni rezista, kinachozuia umeme usipite kwa wingi. Kila LED nyeupe huhitaji karibu volti 3, kwa hiyo tatu zilizofuatana huchukua 9, na rezista hubeba tatu zilizobaki. Volti zikipanda hadi 14.4, LED hazichukui sehemu kubwa ya nyongeza hiyo. Karibu yote humwelemea rezista, na umeme unaopita kwenye kundi zima hupanda kwa zaidi ya nusu. Taa hung'aa kwa furaha, nawe hufurahi pia, huku zikijichoma polepole.

Nayasema haya kwa sababu yamenifika. Miaka michache iliyopita nilimfungia shemeji yangu wa Mambrui ukanda wa bei rahisi ndani ya gari lake la safari. Juu ya meza ya karakana, kwa betri iliyokuwa imetulia, uliwaka vizuri sana, nami nikapokea sifa zangu. Baada ya safari chache, gari likiichaji betri njia nzima na taa zikiwa zimeachwa zinawaka, zilianza kuzimika tatu tatu, mpaka dari likafanana na kinywa chenye mapengo. Kosa lilikuwa langu, kwani sikusoma kilichoandikwa kwenye kibandiko.

Kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kuuliza bei. Taa iliyoandikwa 12V pekee iache, isipokuwa utaiwekea mbele yake kidhibiti volti, kifaa kinachozuia volti zisipande. Taa iliyoandikwa 10–30V ina kidhibiti ndani yake, na haitajali kama gari linanguruma au limezimwa. Katika trela la Kizungu la zamani, mara nyingi halojeni hizo huwa na vijiti viwili vyembamba vilivyoachana milimita 4, aina iitwayo G4. Kama zako ni hizo, habari ni njema, kwa kuwa zipo balbu za LED za G4 zinazoingia kwenye holda ileile bila kubadilisha waya hata mmoja. Ukichomeka na isiwake, usiirudishe dukani kwa hasira. Ichomoe, igeuze upande wa pili, uichomeke tena, kwa sababu baadhi yake huchagua chanya na hasi ilhali halojeni haikuwa ikijali.

Onyo moja kubwa: madukani mwetu huuzwa pia balbu za sola za volti 12 zenye kitako sawasawa na cha balbu za nyumbani. Ukizinunua, ziandike kwa wino usiofutika. Siku mtoto atakapoichukua moja na kuiweka kwenye holda ya sebuleni yenye volti 240, itapasuka.

Kuhusu mahali pa kuziweka, ukanda wa kuzunguka dari lote ni mapambo ya sherehe. Anayepika ataisimamia sufuria kwa kivuli chake mwenyewe, na anayetaka kulala atamulikwa machoni pamoja na anayetaka kusoma. Weka kipande kifupi cha ukanda, sentimita 40 hadi 50, chini ya rafu iliyo juu ya jiko, ndani ya mfereji wa alumini unaopunguza joto lake. Weka taa ndogo ya kugeuzwa kwenye kichwa cha kila kitanda, yenye swichi yake mwenyewe inayofikiwa na mtu aliyelala. Juu ya meza itatosha moja, na karibu na mlango, chini kabisa, taa hafifu ya rangi ya kaharabu ya kukuonyesha viatu vyako usiku.

Chagua mwanga wa Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, ule unaokaribia rangi ya kandili. Ule mweupe wa 6500 unaosifiwa dukani hufanya samaki aliyekaangwa aonekane kama wa jana, na huvuta wadudu zaidi. Hata hivyo, mbu hufuata pumzi na harufu ya mwili kuliko taa, kwa hiyo chandarua kibaki.

Nyaya zisikupite bila kuzikagua. Hewa ya chumvi ya kwetu huigeuza shaba kuwa kijani ndani ya ganda lake, na maungo ya kusokotwa na kufungwa tepu ndiyo huoza kwanza. Tumia waya wa shaba iliyopakwa bati, wa milimita 1.5 za mraba, na viungio vya kubana. Kwa ampea 2 na umbali wa mita 5, waya huo hupoteza karibu robo ya volti tu. Wa nusu milimita ya mraba hupoteza mara tatu yake. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri iwezekanavyo. Volti 12 hazitakurusha, lakini betri iliyogusanishwa chanya na hasi humwaga mamia ya ampea, na waya huwa kuni.

SWALI: Huku kwetu Lamu trela halina wa kulikokota, maana punda watagoma, lakini nina boti yenye chumba kidogo na taa za LED za 10–30V. Nikiziwasha tu, redio inakoroma. Je, ni betri?
Nahodha, Lamu

JIBU: Si betri, Nahodha. Ni kilekile kidhibiti nilichomsifia Mwalimu hapo juu. Baadhi yake hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na zisipochujwa vizuri hutangaza kelele hiyo hewani. Zima moja moja mpaka umpate mkosaji, kisha uisogeze mbali na waya wa antena au uibadilishe. Na utakapokwenda kununua nyingine, nenda na redio yako ndogo mkononi. Mwambie mwenye duka aiwashe taa kwa betri, uisogeze redio karibu yake, na usikilize kabla ya kutoa pesa.