Usiwagawie hilo jedwali la tamathali Jumatatu

Mwalimu, subiri kwanza. Unasema una darasa la watoto wa miaka 12 hadi 14 wasiojua kuchambua matini, na Jumatatu unaanza kwa kuwagawia jedwali la tamathali za semi, yaani mbinu za kupamba lugha: safu ya jina, safu ya mfano, safu ya maana. Umeuliza pia kuhusu vitabu, urefu wa kipindi na usahihishaji. Hayo yangoje. Hilo jedwali lichane.

Nimelifundisha jedwali la namna hiyo muhula mzima, kwa sababu mwezeshaji mmoja wa semina alitusimamia mbele akatangaza kwamba mtoto hawezi kuchambua kitu asichokijua jina. Sote tukaandika. Mpaka leo nikimkumbuka nakasirika, maana hakutuonyesha mtoto hata mmoja akisoma aya moja. Alitumwagia istilahi, akafunga mkoba, akaenda zake, na sisi tukabaki na madarasa.

Unajua kinachotokea? Watoto wanageuka wawindaji wa neno "kama". Wakiliona tu, wanapiga mstari na kuandika "tashibihi", yaani mfananisho, pembeni. Nimesahihisha daftari ambamo sentensi "Kama angewahi, wangeonana" imepigiwa mstari hivyo hivyo, tashibihi, kwa wino mwekundu na kwa kujiamini kabisa. Nikauliza darasa: nani alichelewa? Kimya. Takriri (kurudiarudia neno) na tashihisi (kukipa kitu tabia za mtu) walikuwa nazo vidoleni, lakini kisa chenyewe kiliwapita. Kilichoniuma zaidi ni msichana mmoja ambaye awali alikuwa akibishana na wahusika kana kwamba ni majirani zake. Katikati ya muhula akaja na swali moja tu: "Mwalimu, tutafute ngapi?" Hasara ya jedwali ndiyo hiyo. Linamfundisha msomaji mzuri kuacha kusoma, na kumrudisha ni kazi ndefu kuliko kumfundisha asiyejua kabisa.

Sasa shika hili hata ukisahau mengine yote: darasani mwako mtu asidai lolote kuhusu matini bila kuweka kidole kwenye maneno yaliyomwambia. Swali lako la kila siku liwe "neno gani limekuambia?"

Waandikie ubaoni sentensi moja tu: "Mama aliweka sahani tatu mezani, akaitazama ya tatu, akairudisha kabatini." Haina tashibihi, haina sitiari (kufananisha bila "kama"), na mwenye jedwali atakwambia hapa hamna cha kuchambua. Wape muda. Mmoja atasema baba amekufa. Usimkatalie, wala usimkubalie. Muulize neno gani limemwambia. Atatafuta, hataliona. Darasa litaanza kubishana: pengine kasafiri, pengine ni mtoto aliyehama. Hapo wabane: mnachojua kwa hakika ni nini? Kwamba mkono wa mama umezoea sahani tatu, na leo zinatosha mbili. Kisha futa "akaitazama ya tatu" usome upya. Sentensi inakuwa ya mtu aliyekosea hesabu tu, na huzuni yote imeondoka. Waulize kwa nini. Mtoto akiweza kueleza kwamba huzuni ilikaa kwenye kule kutazama, ameshachambua, na jina la mbinu utampa baadaye akilihitaji.

Na usidhani ni udhaifu wa watoto. Mhakiki wa fasihi wa Uingereza, I. A. Richards, aliwapa wanafunzi wake wa Cambridge mashairi yasiyo na majina ya watunzi, wakayaandikia maoni. Alipochapisha matokeo mwaka 1929, ugumu wa kwanza aliouorodhesha ni kushindwa kupata maana ya wazi, yaani kile tu ambacho shairi linasema. Wale walikuwa watu wa chuo kikuu! Wewe unataka wa miaka 12 waruke hatua hiyo waende moja kwa moja kwenye dhamira?

Kuhusu vitabu nina neno moja. Watafiti Recht na Leslie, mwaka 1988 huko Marekani, waliwasomesha watoto wa rika hili hili habari ya mechi ya besiboli. Wasomaji dhaifu waliouelewa mchezo walikumbuka zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo aya za mwanzo zihusu mambo wanayoyafahamu, ili nguvu zao ziende kwenye maneno. Ugeni wa matini uongeze polepole, na kabla ya kila matini ngeni wape maarifa wanayoyakosa.

Muda: aya moja fupi inatosha kipindi kizima, na ukimaliza aya tatu jua umekimbia. Na wasome kwa sauti kwanza, mara mbili, kabla hujauliza chochote.

Weka hapa aya uliyopanga kuanzia, tuipitie pamoja kabla ya Jumatatu.