Mwenye Duchenne akianza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, mgongo ndio wa kuchungwa

Mwanangu ana Duchenne, ugonjwa wa kurithi wa misuli. Wazazi wenzangu huniuliza habari za miguu. Mimi nawasihi waangalie mgongo.

Chanzo ni hitilafu katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya X. Jeni hiyo ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza distrofini, protini inayoikinga misuli isichanike kila inapojikaza. Distrofini ikikosekana, misuli hufa kidogo kidogo. Uti wa mgongo nao ni kama mlingoti, unasimama kwa kamba zinazouvuta huku na huku, na kamba zikilegea hulala upande. Ndiyo maana wengi hupinda wakishaacha kutembea, tena hasa umri ule wa kubalehe, mwili unaporefuka upesi. Kwa hiyo tusimgombeze mtoto akae wima. Misuli ya kumsimamisha hana. Mkoba wa shule hauhusiki, wala jicho la mtu.

Tahadhari na koseti ngumu ya kiwiliwili, lile vazi la kuubana mgongo usimame wima. Vijana ambao mgongo wao umepinda bila sababu kujulikana huweza kusaidika nayo, lakini kwa Duchenne haizuii kupinda, na huenda ikabana kifua ambacho tayari kinapumua kwa shida. Muulize daktari bingwa kabla hujatoa pesa.

Dawa za steroidi huchelewesha kuacha kutembea, na wanaozitumia wengi huepuka kupinda vibaya. Zina gharama yake: uzito huongezeka na mifupa hudhoofika, basi zisimamiwe na daktari. Kiti kimshike kiuno sawasawa, nyonga zisiegemee upande mmoja. Eksirei ya mgongo apigwe akiwa ameketi, na akishaacha kutembea irudiwe kila baada ya miezi kadhaa. Pembe ya kupinda ikifika nyuzi 20 au 30 na bado anakua, omba kuonana na daktari wa upasuaji wa mgongo mapema, mapafu na moyo vingali na nguvu. Ukingoja sana, upasuaji wenyewe unakuwa wa hatari.

Na siku yoyote ya upasuaji, hata wa jino, mwambie daktari wa usingizi kwamba mtoto ana Duchenne. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoniamu, na baadhi ya gesi za usingizi, zinaweza kuusimamisha moyo wake. Mimi nimeyaandika hayo kwa herufi kubwa juu ya faili lake.