Mzee alisema ameelewa, kidonda kikarudi kibaya

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa tatu, niko wodi ya upasuaji kwa mafunzo ya vitendo. Nilimfundisha mzee mmoja mwenye kisukari namna ya kusafisha kidonda cha mguu, akaniambia ameelewa. Wiki moja baadaye akarudi kliniki, gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda) imegandia kidondani. Kumbe kila siku alikuwa anakimwagia spiriti. Nilipoivuta ile gozi, damu ikatoka. Mkufunzi akanigombeza palepale, mzee anasikia. Tangu siku hiyo sipati usingizi, na nikikaribia kidonda mikono inatetemeka. Je, kosa ni langu? Tena nataka utafiti wangu wa mwisho uwe juu ya elimu kwa mgonjwa, ila sijui nipime nini.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa lako lipo, ila linarekebishika: uliivuta gozi kavu. Nyama mpya ya kidonda ni nyekundu, ina vichembe vichembe, na mishipa yake ya damu ni myembamba mno. Gozi ikigandia pale, ukiivuta unang'oa kazi ya siku kadhaa. Ilowanishe kwa maji ya chumvi ya hospitali, subiri dakika chache, kisha inyanyue taratibu kuanzia pembeni. Ikikataa, ongeza maji.

Hili la spiriti nataka tulikalie kidogo. Watu wengi wanaamini kidonda kinachochoma ndicho kinachopona, na kwamba lazima kipate hewa kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya kwa nguruwe. Majeraha mengine ya juujuu aliyafunika kwa plastiki nyembamba, mengine akayaacha wazi yakauke. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa kasi ya takriban mara mbili. Chembe za ngozi hutambaa kwenye unyevu. Zikikuta gaga kavu, hulazimika kujipenyeza chini yake. Spiriti nayo haichagui. Inaua vijidudu, na inaua chembe hizohizo zinazojaribu kutambaa.

Sasa mfikirie mzee wako. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisia za miguu. Wewe ukijimwagia spiriti kidondani utaruka. Yeye huenda hakusikia chochote, ndiyo maana hakuwa na sababu ya kuacha. Hata maumivu hayawezi kumwonya, kwa hiyo yeye na wa nyumbani kwake lazima wajue kutazama: wekundu unaosambaa, uvimbe, joto, usaha, harufu, homa. Akiona mojawapo asingoje tarehe ya kliniki. (Na wewe usije ukalowesha kila kitu: kidole cheusi, kikavu, kilichokosa damu, huachwa kikavu mpaka daktari akione.)

Kuhusu kufundisha, nikusimulie yaliyonipata. Nilipokuwa kijana kazini nilimweleza mama mmoja hatua zote za kufunga kidonda chake, naye akaitikia kila nilichosema. Siku aliyorudi, bandeji ilikuwa imekaza hadi vidole vimevimba. Nikamuuliza nani alimfunga. Akanionyesha mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi na miwili, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje. Bibi hakuwa anaona vizuri karibu. Nilikuwa nimefundisha macho yasiyoona, na mikono iliyofanya kazi sikuwahi kuiuliza. Niliumia sana.

Tangu hapo nimeliacha swali la "umeelewa?" Mgonjwa mwenye adabu atakujibu ndiyo, asikuchoshe. Nauliza, "Nyumbani nani atafunga?" Huyo ndiye ninayemwita. Halafu nasema, "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri, hebu nionyeshe." Akikosea, naeleza upya kwa njia nyingine, naye anarudia kuonyesha.

Na hapo ndipo utafiti wako ulipo. Usipime kwa dodoso la ndiyo na hapana, utapata ndiyo tupu. Andika hatua chache: kunawa mikono, kulowanisha gozi, kusafisha kwa maji safi, kufunika bila kukaza, kutaja dalili za hatari. Hesabu ngapi anazifanya bila kukumbushwa siku ya kuruhusiwa, kisha siku ya kurudi. Mwombe mwenzako ndiye aangalie, maana wewe uliyefundisha utamhurumia. Kibali cha kamati ya maadili kipatikane kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Sasa wewe. Kugombezwa mbele ya mgonjwa hakukustahili, na mkufunzi wako ana haki ya kulisikia hilo kutoka kwako, faraghani, siku hasira zimetulia. Mikono inayotetemeka inatulia kwa kufanya ukiwa na mtu pembeni, kwa hiyo omba muuguzi mzoefu asimame nawe vidonda vitatu au vinne vijavyo. Usingizi nao usiuzoee kuukosa. Usingizi usiporudi ndani ya wiki mbili, au ukianza kuchukia kwenda zamu, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Ungemwambia mgonjwa wako hivyohivyo.

Mzee akirudi, msalimie kwanza. Mwambie, "Babu, siku ile niliivuta gozi vibaya, nisamehe." Kisha ilowanishe, na mkisubiri muulize nani humfunga nyumbani.