Sanamu zipi zikae pamoja? Anza na rula

Wengi tunaokusanya sanamu za mashujaa hapa Lubumbashi huzipanga kwa hadithi: Marvel ya Marekani huku, Dragon Ball ya Japani kule. Mimi siku hizi naanza na kimo. Hadithi inafuata baadaye, na mara nyingine siiulizi kabisa.

Chukua Captain America wa Marvel Legends (mfululizo wa sanamu za Marvel), mwenye kama sentimita 15, umsimamishe kando ya Batman wa kampuni ya McFarlane, ambaye hufika 18. Kwenye katuni wote wawili wana mita 1.88. Kwenye kabati, Captain anaishia kidevuni mwa mwenzake, na hata mgeni asiyejua lolote atauliza huyu mtoto ni wa nani. Sasa mpeleke Captain huyohuyo kwa Goku wa Dragon Ball, toleo la S.H.Figuarts, sanamu za Japani. Mmoja katoka Marekani, mwingine Japani, hawana hadithi moja, ila wanaelewana, maana wote wako karibu na kipimo cha 1 kwa 12, yaani sanamu ni sehemu moja ya kumi na mbili ya urefu wa shujaa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: urefu wa shujaa kwenye hadithi, gawa kwa 12. Wolverine wa katuni ana sentimita 160, basi sanamu yake iwe na 13 na kidogo. Ukimkuta mfupi usimlaumu muuzaji, ndivyo alivyo. (Wa sinema ni mrefu, huyo msamehe.) Hulk naye asipowazidi wote, kuna kasoro.

Kimo kikikubali, tazama umbo. He-Man wa 1982 ana kama sentimita 14, si mbali na Goku, lakini kwa kifua kile na magoti yaliyokunjwa daima, anataka ndugu zake wa mfululizo wake tu. Sanamu za filamu ya Star Wars za kampuni ya Kenner, zilizoanza 1978, zina sentimita 9.5 hivi, udogo huo ndio uliowezesha kutengeneza vyombo vya angani vya kuzipandisha bila kujaza nyumba. Hizo ziweke na G.I. Joe, askari wa kuchezea, wa 1982, si wa 1964 mwenye sentimita 30.

Halafu kuna zile zisizo na jina la kampuni, tunazookota sokoni Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi: Spider-Man ameshika bunduki, rangi imevuka mpaka kutoka kwenye buti hadi kwenye paja. Usizitupe, na usizichanganye na za kampuni, zitaaibika bure. Zipe rafu yao. Kwangu, watoto wakiingia, hiyo ndiyo wanayoikimbilia kwanza.

Acha nafasi ya kidole kati ya sanamu na sanamu. Plastiki laini, hasa ya makoti, ikigandamana na nyingine kwa muda hutoa ute wa kunata na kuacha doa. Kabati liwe la vioo, maana vumbi jekundu la kiangazi cha hapa unalijua, na lisikae juani. Kama mlango haufungi kwa sababu ya mabawa ya mmoja, huyo mmoja ndiye anayehama.