Barua kwa mwanangu Neema, kuhusu Mapapa walionunua kiti

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama nilipokuwa nakupeleka mafundisho ya Komunyo ya Kwanza nilijua kwamba wapo Mapapa walionunua kiti cha Petro na kuzaa watoto. Nilijua. Ukauliza pia kwa nini basi bado naenda Misa. Nitakujibu, ila kwanza elewa kilichowasukuma.

Papa wa zama zile alikuwa mfalme pia. Alitawala eneo kubwa la katikati ya Italia, akiwa na askari, kodi na maadui. Lakini ufalme wenyewe haukurithiwa. Akifa, kiti kinakwenda kwa ukoo mwingine, na wengi walichaguliwa wakiwa wazee. Basi ile miaka michache waliitumia kuwanufaisha ndugu. Sixtus IV, mtawa wa Kifransisko aliyeweka nadhiri ya ufukara, alichaguliwa 1471, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amewapa wapwa zake wawili ukardinali, cheo cha wale wanaomchagua Papa. Mmoja wao alikuja kuwa Julius II, Papa aliyekwenda mwenyewe vitani Mirandola, mji wa Italia, mwezi Januari 1511, katikati ya theluji.

Rodrigo Borgia naye alipewa ukardinali na mjomba wake, Papa Callixtus III. Alipochaguliwa mwaka 1492 na kuitwa Alexander VI, cheo chake chenye mapato manono, cha Makamu wa Kansela, kilikwenda kwa Ascanio Sforza, kardinali aliyemletea kura. Mwaka uliofuata mwanawe Cesare akawa kardinali, hata miaka 20 hajafikisha. Mwaka 1498 akauvua ukardinali ili awe mtawala na mkuu wa jeshi.

Watu hupenda kusimulia habari za akina Borgia. Mimi kinachonichoma ni habari ya Mainz, jimbo kuu la Kanisa huko Ujerumani. Albrecht wa Brandenburg, kijana ambaye tayari alikuwa Askofu Mkuu wa Magdeburg, alitaka na Mainz pia. Sheria ya Kanisa ilikataza mtu mmoja kushika majimbo kama hayo kwa pamoja, lakini Roma ya Leo X ilikubali kulegeza kwa malipo. Albrecht akakopa kwa akina Fugger, matajiri wa benki wa Augsburg. Ili deni lilipike, Papa akaruhusu rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi uliotolewa kwa waliochangia fedha, zihubiriwe katika maeneo ya Albrecht. Waumini waliambiwa fedha ni za kujenga Basilika la Mtakatifu Petro. Nusu ilikwenda huko kweli. Nusu nyingine iliwalipa akina Fugger.

Fikiria mjane anayetoa akiba yake akiamini anamsaidia marehemu mumewe aliye toharani, mahali roho zinapotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, kumbe analipia cheo cha mtoto wa wakubwa! Huo ni wizi uliofanywa kwa kutumia sala, na siwezi kuupunguzia ukali. Martin Luther, mtawa Mjerumani, alipoandika hoja zake 95 za kupinga biashara hiyo ya rehema mwaka 1517, alimpelekea Albrecht huyohuyo.

Sasa kuhusu Misa. Mwaka 1522 alichaguliwa Adrian VI, Mholanzi, mtoto wa fundi seremala. Alimtuma mjumbe wake kwenye baraza la Wajerumani huko Nuremberg akakiri wazi kwamba kwa miaka mingi machukizo yametendeka katika kiti hicho kitakatifu, na kwamba ugonjwa ulitoka kichwani ukashuka viungoni. Roma haikumpenda. Alifariki Septemba 1523, na mengi aliyotaka kuyanyoosha yakabaki vilevile. Imani yangu haikuwahi kuegemea usafi wa Borgia. Inaegemea kwa Kristo, na ndani ya Kanisa hilohilo nimemkuta Adrian aliyethubutu kusema kweli juu ya kiti alichokalia mwenyewe.

Usinielewe kwamba mambo yalinyooka upesi. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliwaondoa wachuuzi wa rehema mwaka 1562, lakini desturi ya Mapapa kuwatajirisha ndugu zao haikupigwa marufuku hadi Innocent XII alipofanya hivyo 1692. Luther alikuwa amekufa zaidi ya miaka 140. Ukinipigia Jumapili tuanzie hapo, kwa sababu ucheleweshaji huo unaniuma kuliko watoto wa Alexander.

Baba yako