Kwa nini Winston anavunjika na Karama anatoka mzima

Mkuu, umeuliza kwa nini Winston wa "1984", riwaya ya George Orwell, anaishia kuvunjwa wakati Karama wa "Kusadikika" ya Shaaban Robert anashinda kesi, ilhali wote wana serikali katili. Mimi naona tofauti iko kwenye baraza. Karama kashtakiwa na waziri Majivuno, lakini anaachiwa aseme, tena mbele ya mfalme. Anasimulia mjumbe mmoja baada ya mwingine, jinsi walivyotumwa kuleta mema wakarudi kufungwa. Shaaban Robert aliitoa 1951, enzi za mkoloni, kwa hiyo kumpa Karama ulimi ule halikuwa jambo dogo.

Winston hana baraza. Ana kona tu chumbani ambako skrini ya ukutani haimwoni, anaandika shajara hapo. Akikamatwa, kukiri hakutoshi. Lazima aamini kuwa mbili na mbili ni tano.

Ila anayenitisha zaidi ni Aldous Huxley, kwenye riwaya yake "Brave New World" (1932). Kwake kipigo cha watu wazima hakihitajiki: vichanga vinatambaa kufuata vitabu na maua, vinapigwa shoti ya umeme mpaka vivichukie. Wakikua wanameza vidonge vya raha vinavyoitwa soma. Soma! Kwa Kiswahili ni kichekesho kabisa.

Nilifika hapo nikiwa ndani ya basi la mwendokasi, Dar, Kimara kwenda Kivukoni. Nikainua macho, karibu kila shingo imeinamia simu. Na mimi pia, maana kitabu chenyewe nilikuwa nakisomea humohumo kwenye simu.