Vidonda vya Mdomo na Homa Baada ya Dawa za Saratani

SWALI: Mama yangu anaugua saratani ya titi, na siku tisa zilizopita alitundikiwa dawa kwa mara ya tatu. Sasa mdomo umejaa vidonda, hata uji anaumeza kwa machozi. Jana usiku kipimajoto kilionyesha 38.4, nikampa panadol, joto likashuka. Jirani ametuchemshia mwarobaini. Miadi yetu ni baada ya siku kumi na mbili. Je, tungoje?
Binti wa Likoni

JIBU: Msingoje, mwanangu. Tulikupigia simu siku ileile tulipoisoma barua yako, kwa kuwa jambo hili halisubiri gazeti. Tunalichapisha kwa ajili ya wengine wanaouguza nyumbani.

Dawa hizi huua chembe hai za mwili (seli) zinazozaliana upesi, wala hazichagui: hupiga uvimbe, hupiga ngozi laini ya mdomo, na hupiga uboho wa mifupa unaotengeneza chembe nyeupe za damu, askari wa kinga ya mwili. Ndiyo maana vidonda huzuka karibu na wakati ambapo kinga imeshuka mno, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu dawa itundikwe, na kila kidonda huwa mlango wa vijidudu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi katika siku hizo ni dharura ya kukimbilia hospitali, hata kama ni usiku wa manane na kuna feri ya kuvuka. Panadol ilishusha joto, lakini haikugusa kilicholileta.

Jirani mshukuruni, ila mwarobaini uwekeni kando mpaka daktari aulizwe, kwani baadhi ya mitishamba huvuruga kazi ya dawa.

Kuhusu mdomo, chemsheni maji lita moja, yakishapoa mtie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, asukutue mara nne au zaidi kwa siku na kuyatema. Atumie mswaki laini kabisa. Msuaki wa mti, alioupenda maisha yake yote, aupumzishe kwa sasa. Chakula kiwe laini na kilichopoa: bokoboko isiyo na pilipili humfaa kuliko mkate wa mofa, na achari, ukwaju na ndimu vitamchoma bure. Dawa ya ganzi ya mdomo ipo. Iombeni, atumie kabla ya kula. Akishindwa kumeza hata maji, mrudisheni hospitalini siku hiyohiyo.